Nimepitisha malori ya kila aina mpakani, mama mkwe wangu nikashindwa kumpitisha

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii siyo chai. Ningekuwa natunga, ningejitungia mwisho mzuri kuliko huu.

Niko Busia, upande wa Kenya. Kazi yangu ni clearing agent, yaani lori likifika mpakani mimi ndiye nakimbizana na makaratasi yake mpaka livuke. Simenti, mayai, mbao, hata mizinga ya nyuki imepita mikononi mwangu, nyuki wakiwa ndani. Madereva wananiita Fungua Geti.

Mke wangu Athieno ni Mganda, kwao Molo, Tororo. Huku kwetu hilo si la ajabu. Tunaoana, tunazikana, tunaombana chumvi.

Kwa walio mbali nieleze kidogo. Kuvuka kuna njia mbili. Kuna geti, lenye foleni na kompyuta. Halafu kuna vijia vinavyopita nyuma ya nyumba, tunaviita panya. Ukiwa na mzigo au safari ndefu unapita getini. Ukiwa unaenda kusuka nywele au kumjulia shangazi hali, unapita panya. Hakuna anayejiona mhalifu, na askari mwenyewe anakusalimia kwa jina.

Kasheshe iko kwenye kuchanganya: unaingilia getini, unarudi na panya. Karibu wote tunafanya hivyo.

Mama mkwe alifanya hivyohivyo. Mwaka jana alikuja kwetu kufanyiwa operesheni ya macho. Aliingilia Malaba, getini, akaandikishwa vizuri kabisa. Siku ya kurudi kwao, jirani yetu mmoja alikuwa anavuka kwa boda kwenda soko la Busia ya Uganda. Mama akasema, ya nini kupanga foleni na macho yangu mapya? Akapanda boda na jirani, wakapita nyuma ya nyumba, ng'ambo akachukua taxi ya Tororo. Jioni akapiga simu kwamba amefika na sasa anawaona kuku wake wote vizuri. Tukacheka, tukasahau.

Mwaka huu moyo ukaanza kumsumbua. Daktari wa Tororo akatuambia wazi: mpelekeni Eldoret, huko kuna mtaalamu, na msichelewe.

Tukakodi gari, tukatandika godoro nyuma. Athieno akakaa na mama yake, mimi mbele na dereva. Kwetu mama mkwe humsogelei ovyo, na jina lake hulitamki. Tangu nioe namwita Mama, basi.

Kufika mpakani Busia, ninakojulikana, nikashuka na kitambulisho chake, kifua mbele. Mimi tena, Fungua Geti!

Afisa wa dirishani, mtu mpole tu, akaingiza jina. Akaangalia screen, akaangalia gari.

"Huyu mama yuko Kenya tayari," akasema. "Aliingia mwaka jana na hajatoka. Siwezi kumwingiza mtu ambaye yumo ndani."

Nikamwambia, "Boss, si huyo hapo amelala? Tumemtoa Molo asubuhi hii."

Akatoka mwenyewe, akamwona, akampa pole. Lakini jina lilikuwa limefungwa kwenye system, na wa kulifungua ni mkubwa wake, na mkubwa wake mpaka apate idhini ya huko juu zaidi. Nikapewa simu niwasomee majina ya mgonjwa. Network ilikuwa mbovu, ikabidi nipaze sauti. Wakuu, nilimtaja mama mkwe wangu majina yake yote, herufi kwa herufi, mbele ya madereva wanaonijua, na yeye anasikia. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Mama, kwa Kiswahili chake cha sokoni, akamwambia Athieno: "Ambia hao, huyo mimi ya Kenya atoke. Hii mimi nataka ingia."

Tulicheka, hata afisa alicheka. Sikumsikia Mama akitania tena.

Tukaendelea kusubiri. Lori la mayai nililokuwa nimelishughulikia likapita, dereva akanipungia mkono. Mayai yalikuwa na karatasi zote.

Watu wa boda wakaniita pembeni: mpitishe panya, ni hapo tu. Lakini panya haipiti gari, na mama hakuweza hata kuketi.

Mchana ukapita. Mama akaanza kuhema vibaya. Akasema, "Rudisha mimi nyumbani."

Nikasema tuvumilie kidogo, idhini iko njiani. Athieno hakunigombeza. Alisema tu, "Baba Wandera, Mama amesema nyumbani."

Tukageuza gari.

Tulikuwa tumeshapita Tororo mjini simu yangu ilipoita. Ni yule afisa, sauti imejaa furaha: "Mzee, rudini! Jina limefunguka, na nimeshamwingiza kabisa msije mkapanga foleni tena."

Nilikata simu. Nyuma yangu Athieno alikuwa anamfunika mama yake uso.

Simlaumu yule afisa, alifanya alichoweza. Ninaloumia nalo ni hizi sheria zetu, zimeandikwa kama vile watu wa mpakani hatupo. Tupeni kadi moja ya wakazi, ya kugusisha tu, hata huko kwenye vijia. Kompyuta za nchi mbili ziongee. Na mgonjwa apite kwanza, maswali yabaki na sisi wazima. Wabunge wa pande zote mbili wanakuja huku kuomba kura, hili hawaligusi.

Na sisi wenyewe tujifunze. Ukiingilia getini, tokea getini, hata kama panya iko mlangoni kwako. Natamani kungekuwa na mtu wa kumwambia mama hivyo siku ile ya boda.

Walio Namanga, Mutukula, Sirari, kwenu mgonjwa anavukaje? Tiririkeni.

Na kuna swali la Athieno, mimi limenishinda. Mama tumemzika Molo, karibu na banda la kuku wake. Kwenye kompyuta ameingia Kenya siku ileile na hajatoka. Sasa anauliza, aende dirisha gani amtoe mama yake?