Kinyundo cha Mistari

Nakumbuka Jumamosi moja ya salongo, ile kazi ya usafi ya lazima, mwanangu, miaka ile ya Zaire, tulipotoa vitu vyote nje tufagie nyumba. Nilikuwa bibi-arusi mpya hapa Kalemie, nimetoka Manono. Kutoka ndani ya mfuko wangu kikaanguka kinyundo cha mti mgumu, uso wake umechongwa mistari mistari. Nyanya yangu aliniachia, akafa kabla ya kunieleza ni cha kazi gani.

Basi wiki ile mtoto wa wifi yangu alikuwa na homa kali. Wifi kukiona tu, akapiga kelele: “Mama! Uchawi! Njo hiki kinamukula mutoto!” Lo! Majirani wakajaa uani. Mama mkwe akaniambia nifunge mizigo, nirudi kwetu na treni. Ningejitetea vipi, na mimi mwenyewe sikukijua? Nililia tu.

Aliyeniokoa ni babu yako, baba mkwe wangu, mtu ambaye hata salamu aliitoa kwa kipimo. Akasema: “Mutoto apelekwe dispanseri sasa hivi. Na hiki, tuulize kwanza. Kuuliza si ujinga.”

Akanipeleka kwa shangazi yake, mkongwe wa kijiji cha Zongwe ambaye macho yake yalishafifia. Bibi yule akakipapasa, akapitisha kidole gumba juu ya mistari, akacheka mpaka machozi. “Eh, Papa! Mulikitoa wapi? Muniletee gome bichi la mti!”

Likaletwa. Akalikwangua, akalilowesha, akaanza kuligonga polepole. Gome likatanuka, likalainika, likawa nguo mbele yetu. “Njo tulivaa hii zamani, mbele ya vitambaa vya duka kufika,” akasema. “Mimi nilibebwa mugongoni nayo.”

Babu yako akaileta nguo ile nyumbani, akaiweka mapajani mwa mama mkwe, akamwambia kinyundo kile ni cha kugongea gome tu. Mama akaishika, akaishika tena. Halafu akaniambia: “Fungua mizigo, binti yangu.” Mtoto wa wifi naye akapona kwa dawa za dispanseri.

Mwanangu, penye wazee haliharibiki neno. Usimuite mtu mchawi kwa sababu ya kitu usichokijua. Kibebe, uende ukaulize. Ningepanda treni ile, wewe usingekuwepo. Siku uliyozaliwa, mama mkwe mwenyewe alikulaza juu ya nguo ile ya gome. Nawashukuru wote mpaka leo. Mungu akupe daima mtu wa kumuuliza, na ukizeeka, akufanye wewe wa kuulizwa.