Matawi ya Kilio kwenye Jipu ya Harusi

Kama unataka kucheka, cheka sasa, kabla sijaanza. Mimi pia nilikuwa nacheka. Kwenye kilio, msibani, watu walipoanza kusimulia mizimu ya barabarani, nilikuwa nasimama naenda kutafuta chai. Mais, yaani lakini, hili lilinipata mimi mwenyewe, si binamu ya rafiki ya mtu, na lilinipata mchana, barabara ikiwa imejaa watu. Mama yangu yuko hai kule Beni, na angependa kuliongelea ningekutuma kwake ukamuulize. Hapendi. Ndiyo maana naandika mimi, ingawa shule yangu ni kidogo na sina hakika kama nitaliweka sawa.

Dada yangu mdogo, Kavira, alikuwa anaolewa Beni, siku ya Jumamosi. Baba yetu alishakufa, na mimi ndiye mtoto wa kwanza. Kumshika Kavira mkono na kumwingiza kanisani ilikuwa kazi yangu, na gari yangu, jipu, ndiyo ingembeba. Hiyo jipu kazi yake ni kushusha makabeji na viazi sokoni Butembo. Familia ya bwana harusi ni watu wa magari mazuri. Nikajisemea, haiwezekani waone kaka ya bibi harusi anafika na gari la makabeji.

Basi nikanunua matairi makubwa, mapana, yenye meno, na jante, yaani rimu, nyeusi zinazong'aa, zile zinazotoka nje ya gari kama mtu aliyetanua viwiko. Ijumaa nikaipeleka kwa Kakule, fundi wa matairi pale Bulengera. Akaipandisha kwenye kriki, ile jeki, akafunga yote manne, akaishusha, akazunguka akiiangalia huku anajikuna shingo.

"Yaya, kaka yangu, hii pneu ni kubwa. Gari hapana kubali."

"Itakubali."

"Gari hapana bibi, yaya. Hapana bembelezwa."

Akawaita vijana wawili wakae nyuma, akaniambia niendeshe kidogo. Ikalia. Krrrr! Tairi lilikuwa linakula bati la juu yake. Vijana wakashuka, gari likainuka, sauti ikakatika.

"Unaona? Ikiwa wazi, inanyamaza. Ikibeba batu, inakula bati. Tuinue kwanza ressort, hizi springi, ao tukate bati kidogo. Uniachie juma moja."

"Kesho niko na mariage."

"Basi turudishe zile za zamani."

Nikakataa. Nikamwambia Kavira ni mwepesi, hata jogoo anamshinda kilo. Akacheka: "Na robe yake? Na batantine, bale bashangazi benye kutaka kupanda naye?" Nataka iandikwe wazi kwamba Kakule alinionya, tena kwa upole. Kosa si lake.

Asubuhi niliamka mapema kabisa, halafu nikapoteza muda naosha jante. Naona haya hata kuiandika. Zilikuwa mpya, hazikuwa na uchafu wowote, mimi nikaziosha. Nyuma niliweka zawadi yangu kwa maharusi, godoro, nimelikunja na kulifunga kamba, nikalifunika shuka nyeupe lisipate vumbi. Nikatoka Butembo nikiwa nimevaa koti.

Nilipopita Maboya, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Lori la mbao lilikuwa limezama matopeni, limekaa mukingamo, limeziba barabara, na nyuma yake foleni ya magari ambayo sikuona mwisho wake. Watu walikuwa wametandika matawi ya mikaratusi barabarani, kama tunavyofanya gari likiharibika, ili anayekuja aone mbali. Pembeni ya lori kulibaki njia nyembamba. Vijana walikuwa wanailinda, wanapitisha pikipiki na wagonjwa tu.

Simu ikalia. Ni mama, anayeniita papa kwa upendo.

"Papa, uko wapi? Padri ameisha kuuliza."

"Niko karibu, mama."

"Kavira amevaa tayari. Usimwache aingie kanisa kama mutoto hana baba."

Nikakata simu. Nikashuka, nikaokota matawi mawili, nikayafunga mbele ya jipu, moja kila upande, kama gari linalobeba maiti. Ningeweza kusema shetani alinishika mkono, mais sitaki kumsingizia hata shetani. Mkono ulikuwa wangu.

Foleni ikanifungulia njia. Wanaume wakavua kofia. Mama mmoja mwenye kikapu cha ndizi akafanya ishara ya msalaba. Walichungulia dirishani, wakaona kitu kirefu kimelala ndani ya shuka nyeupe, wakainamisha vichwa. Nani ataomba kufunuliwa maiti barabarani?

Nikaingia kwenye ile njia nyembamba, na hapo hapo yale matairi yangu ya kiume yakazunguka bure. Yalizama. Sikuomba msaada, watu walikuja wenyewe, wakaweka mikono nyuma ya gari, wakasukuma. Sasa, matairi yanayotoka nje ya bati hayana kitu cha kuzuia matope. Nilikanyaga mafuta na matairi yakawarushia watu wote matope, mashati ya kwenda mjini, vitenge, macho, midomo. Nilikuwa nawaona kwenye kioo. Hakuna aliyetukana. Bwana mmoja alikuja dirishani anatema udongo, akasema, "Pole sana, ndugu. Uende polepole na mufu." Ningefurahi angenipiga kofi.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguliwa. Ule mlango unalia vibaya, unasikika mpaka jirani. Mama mzee, mwembamba kama ufito, akapanda. Matope yalikuwa yamemfunika kichwa mpaka miguu, nikaona macho tu. Kwetu gari la maiti halimnyimi mtu nafasi, donc, basi, ningesema nini?

"Mama, unaenda wapi?"

"Kule unaenda."

Akakaa kwenye benchi ya pembeni, akaweka mkono juu ya godoro, taratibu, kama unavyomgusa aliyelala. "Ni nani?"

Jibu lilikuwa rahisi. Ni godoro, mama, nisamehe. Mais wale walionisukuma walikuwa bado wamesimama dirishani wanajipangusa, na wote walikuwa wanasikiliza.

"Ni mama," nikasema.

"Mwenye kukuzaa?"

"Ndiyo."

"Jina yake?"

Nikalitaja. La ubatizo na la nyumbani, yote mawili. Mpaka leo najiuliza kwa nini sikubuni jina. Akili haikuwa mbali, ingeweza kubuni. Nadhani nilitaka uongo ufanane na kitu cha kweli.

"Pole, mwanangu," akasema. "Tumupeleke."

Nikaondoa gari. Na tairi la nyuma likalia. Krrrr.

Nikafikiri ni shimo. Nikafika pahali pazuri, barabara imelala kama meza, krrrr. Kikongwe mmoja na godoro la sponji! Usukani ukawa mwepesi, kama mbele ya gari inataka kuruka na nyuma inakaa chini. Nikatazama kioo. Alikuwa peke yake, ameinamisha kichwa, anaimba chini chini kwa Kinande, wimbo wa kilio ambao sikuwahi kuusikia, na mimi vilio nimehudhuria vingi.

Kule Kabasha ukungu ulikuwa umeziba hata ukingo wa barabara. Sauti ikazidi, harufu ya mpira ikaanza kuingia ndani. Nikasimama, nikashuka, nikachuchumaa. Bati lilikuwa limelalia tairi kabisa, vile gari linavyokaa ukilijaza magunia ya maharage mpaka paa. Nikasimama pale kwenye ukungu, jasho linanitoka ndani ya koti. Yule mama mzee hakuinua kichwa. Akasema tu:

"Endesha. Banangojea mama."

Niliendesha. Wewe ungefanya nini? Ungemwacha mzee milimani? Nakwambia ukweli, niliwaza kumwacha.

Tulipoanza kuona nyumba za kwanza za Beni, sauti ikakatika. Nilisikia nyuma ya gari ikiinuka chini ya kiti changu, kama siku vijana wa Kakule waliposhuka. Nikatazama kioo. Godoro. Nikageuka mwili mzima. Godoro tu. Ule mlango unaolia haukulia. Na ile benchi alipokaa, yeye aliyelowa matope hivyo, ilikuwa kavu, haina hata tone.

Nataka kuwa mkweli pande zote. Huenda alishuka pahali nilipopunguza mwendo, na mimi kwa woga sikusikia. Nimejaribu sana kuikubali hiyo huenda. Ningeikubali kama si kile nilichokikuta nyumbani.

Kwa woga nikasahau matawi. Niliingia Bungulu, mtaa wa kwetu pale Beni, nikipiga honi, vile tunavyopiga kwenye harusi, na matawi ya kilio yanapepea mbele. Watu wa mtaa walitoka wakicheka, halafu wakayaona matawi, wakashika vichwa.

Kwetu hakukuwa na muziki. Wanawake walikuwa wamesimama ukutani. Mama alikuwa ameketi katikati ya uwanja, amevaa kitenge chake kipya cha harusi, mikono juu ya magoti. Kavira alikuwa mlangoni na robe yake nyeupe, poda yote imetiririka na machozi. Mjomba, mdogo wa mama, akanijia mbio.

"Weye! Unabeba nani humo?"

"Godoro."

Akafungua mlango wa nyuma, akavuta shuka, akaona. Akafunga mlango polepole.

Mama ndiye aliyenieleza, mbele ya wote. Alipomaliza kuongea nami kwa simu, simu ikiwa bado ya moto mkononi, mama mzee aliyejaa matope aliingia uwanjani. Walifikiri ni mwendawazimu, wakamkaribisha chakula, maana harusi haifukuzi mtu. Akakataa kiti. Akaketi chini mbele ya mama, akanyoosha miguu kama wanawake wanavyoketi kwenye kilio, akamshika mkono. Akamwita majina yake yote mawili. Akamwambia, "Pole na safari. Mutoto yako iko nakuleta nyuma." Kisha akasimama, akatoka kwenye lango. Mjomba alimfuata barabarani. Hakuna aliyekuwa amemwona akipita.

Hesabu mwenyewe. Simu ilipokatika, mimi nilikuwa bado sijaokota matawi, wala sijamtaja mama kwa mtu.

Mama akanitazama, akayatazama matawi.

"Ulisema nilishakufa?"

Ningeweza kukana. Nani angebisha? Mais watu wa Maboya walikuwa na matope yangu usoni, na mimi nilikuwa msafi.

"Ndiyo, mama."

"Juu ya nini?"

"Nisichelewe."

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na meno. "Haukuchelewa, papa. Umenifikisha mbele ya saa yangu."

Kavira alikataa kupanda jipu. Alikwenda kanisani kwa pikipiki, robe imekunjwa mpaka magotini, tantine mmoja nyuma yake anashikilia veli isiingie kwenye rayo za gurudumu. Mama alikwenda kwa miguu. Mjomba ndiye aliyemshika Kavira mkono. Mimi nilibaki uani nikifungua kamba za matawi, mafundo yakakataa, nikazikata kwa meno. Nilifika misa ikiwa katikati, nikakaa benchi ya mwisho. Kavira hakugeuka. Simlaumu; bibi harusi haruhusiwi kugeuka geuka, huenda hakujua niko pale.

Juma lililofuata nilirudi kwa Kakule atoe yale matairi. Alipitisha mkono kwenye tairi la nyuma, akakuta mpira umeliwa mpaka nyuzi zinaonekana. "Yaya, ulibeba nini? Ciment?" Nikamwambia barabara ni mbaya. Na kweli ni mbaya. Mashimo peke yake yangeweza kufanya vile, siwezi kuapa. Godoro mpaka leo limesimama ukutani kwangu. Kavira alilirudisha kwa heshima, na salamu. Pale Bungulu wanaponiona wananiita Corbillard, gari la maiti. Nimezoea kuitika.

Yule mama mzee sijamwona tena. Wengine wananiambia ni mzimu, wengine ni mchawi, padri aliniambia nisali na nisiongeze chumvi. Mimi sijui alikuwa nani. Ninachojua ni kwamba yeye hakudanganya. Aliuliza, mimi nikajibu, akalipeleka jibu langu kwa mwenyewe. Neno lilikuwa langu, yeye alilibeba tu.

Mama yuko na nguvu, analima, anacheka na watu. Mimi ananipikia nikifika. Ila mbele ya kunisalimia anachungulia kwanza nyuma yangu, na kuuliza, "Umekuja na nani?" Namjibu niko peke yangu. Anasema haya, ingia.

Nilimwendea mwaka huu, nikapiga magoti, nikamwomba anisamehe kabisa, si nusu. Alikuwa anachambua maharage. Hakuacha kuchambua.

"Nilikusamehe ile siku ile ile, papa. Usilie. Mais siku nitakufa kweli, mutafute gari ingine ya kunibeba. Yako ilishanibeba."

Mimi ndiye mtoto wake wa kwanza, na siku hiyo nitafuata nyuma kwa miguu.

Donc wewe unayesoma, weka matairi unayotaka, hiyo ni gari yako. Mais ukikwama njiani na watu wanakungoja, usimtume mzazi wako pahali ambapo hajafika ili wewe upite. Kuna masikio barabarani yanayoshika neno na kulipeleka. Acha padri akasirike, acha waimbe bila wewe, ukute sahani zimeoshwa. Chelewa. Nakuomba, chelewa tu.