Kura ya Kaka, Faili la Dada

Msusi mmoja Mkongomani hapa Rosettenville, mtaa wa wahamiaji, alikuwa akinisuka, simu ikiwa kwenye spika. Kaka yake, aliyehamia mji mdogo wa Marekani na kupata uraia, alikuwa ametoka kupiga kura.

“Kanisa letu zima tumewapa wale wanaosema wakimbizi wasiongezwe,” alisema.

“Yaya, kaka yangu! Na faili langu la ukimbizi la kuja huko?”

“Mdogo wangu, watu wamejaa. Kodi ya nyumba imepanda.”

Simu ilipokatika, nilimuuliza akifika kule atachagua nani.

“Nifike kwanza.” Akasuka mistari miwili. “Lakini nikishafika, hiyo kodi isipande tena.”

Sikumlaumu. Kaka yake naye, alipokuwa akisubiri faili hapa, hakuona kwamba kule watu wamejaa.