Gunzi Kwenye Tangi la Nafula

Leo nimemcheka fundi mbele ya watu, na kosa lilikuwa langu.

Nilikuwa Kitale kuripoti mbio za karti, vile vigari vidogo vya mashindano. Nafula wa Matisi alihitaji mzunguko mmoja mzuri tu aingie fainali. Fundi wake ni mjomba wake Wafula, aliyetoka Kabuchai asubuhi.

Niliwasaidia kujaza petroli. Kifuniko cha tangi kikanipotea kwenye nyasi.

Nikafanya tunavyofanya na mitungi nyumbani: nikafunga gunzi la mahindi kwa nailoni, nikaziba. Sikumwambia mtu.

Karti ikiwa imeinuliwa, magurudumu hewani, injini ilinguruma vizuri. Nafula akipanda kilima, nguvu zinaisha.

Wafula akafungua kabureta mara mbili. Ilikuwa safi, haina uchafu.

"Mzee, si ukubali tu imekushinda?" nikasema kwa sauti. Watu wakacheka.

Wafula akageukia tangi. Aling'oa gunzi. Tangi likavuta hewa: fyuu!

"Kifuniko kina katundu ka hewa," akasema. "Ukiziba hivi, injini ikibeba mzigo mafuta haifiki. Nani aliweka hii?"

Kazi yangu ni kuuliza maswali. Hilo moja ilinibidi nilijibu.

"Ni mimi."

Nafula alikuwa anavua helmeti. Muda wa kufuzu ulikuwa umekwisha.

Wafula akanikabidhi gunzi. "Basi andika hiyo, bana. Usiandike ati fundi alishindwa."

Nilikuwa nimeshaiandika sentensi hiyo daftarini.

Mliokuwa uwanjani, semeni hapa chini kama kuna nilichoficha.