Rangi Isiyotajwa Mbele ya Dorothée

Casimir na mkewe Dorothée walizaliwa na macho ya aina moja, kama wengi wa ukoo wao. Kisiwa chao kidogo kiko ziwani Tanganyika, mbele ya rasi ya Ubwari, na watu wa Baraka, mji wa ng'ambo, wanawaita wafunga-macho, maana jua likiwaka hawawezi kuyafumbua. Rangi hawaoni hata moja. Kwao kuna nyeupe, nyeusi na majivu, basi. Watu wa ng'ambo hawakutaka kuoa huko, hivyo watoto wa ndugu wakaoana wenyewe kwa wenyewe, na macho yakazidi kufungwa. Guy, mtoto wao wa pekee, naye ni hivyo hivyo.

Wanaoona wana adabu yao pale kisiwani. Mbele ya mfunga-macho hutaji rangi. Ukisema "lete kitenge chekundu" umemtukana. Mtoto akisema, anakula kofi. Husemwa kitenge cha maua, kitenge cha mistari. Casimir alikua akiipenda adabu hiyo.

Mwaka jana Dorothée akaanza kujikuna. Chakula kikamshinda. Casimir alimtazama kila siku, akamwona mke wake yule yule, amekonda tu. Guy naye hakuona kitu. Siku moja Dorothée na jirani yake Latifa, ambaye macho yake ni mazima, walikuwa wakianika ndagala, dagaa wa ziwani. Latifa akaacha kuanika, akamkazia macho.

"Unaniangalia nini, we Latifa? Nimeota pembe?"

"Hapana, dada. Unakula?"

"Nakula kama bibi-arusi mbele ya mamamkwe."

Wakacheka, wakaendelea kuanika.

Miezi ikapita. Dorothée akavuka kwenda Baraka na mumewe kuuza ndagala. Pale sokoni mama mmoja asiyewajua akaacha kupima mawese.

"Mama! Macho yako iko jaune kama ndizi ya kuiva! Na mikono!"

"Jaune iko namna gani?" Dorothée akacheka. Wengine hawakucheka.

Hospitalini daktari alimvuta kope, akamgeukia Casimir.

"Hii rangi haikuanza jana, baba. Ini imeharibika kabisa. Kwenu hakuna mutu aliona?"

Wakamrudisha Dorothée kwa boti, naye akafa kabla mahindi hayajakomaa.

Kwenye kilio Latifa alileta bugali. Casimir hakuipokea.

"Wewe uliona?"

"Niliona, shemeji."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ya ndagala. Nikasema, nitamuambia namna gani? Nitamutukana dada yangu? Mi nilimuheshimu."

"Heshima," Casimir akasema.

Akainuka, akamshika Guy mkono, akamtoa nje juani. Akamfumbua kope kwa vidole vyake mwenyewe. Guy, mwanaume mzima, machozi yakamtoka kwa ukali wa jua.

"Muangalie, Latifa. Sema rangi. Sema kwa nguvu, bote basikie."

Waliokuja kuzika waliinamisha vichwa, kama vile mzee amevua nguo mbele yao.

"Nyeupe," Latifa akasema, analia. "Nyeupe tu, shemeji."

Casimir aliyatazama macho ya mwanawe. Ndiyo, meupe. Na ya Dorothée aliyaona meupe hivyo hivyo, mpaka siku ya kumzika.

Akamwachia Guy.

"Kesho urudi," akamwambia Latifa bila kumtazama. "Utuangalie tena. Bugali yako, enda nayo."