Matoazi ya Penseli

Wateja wangu wakipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu hapa Bugolobi, Kampala, na kukuta fidla zinalia, swali lao la kwanza huwa lile lile: nani amekufa? Siwalaumu sana. Katika mji huu, redio ikiacha vipindi vyake ikaweka muziki wa namna hiyo, watu huketi kusubiri jina la marehemu. Sisi tuliozaliwa zamani kidogo tulisubiri pia jina la rais mpya. Kuna bibi harusi aliyekuja kupimwa gomesi, lile gauni letu la sherehe, akakataa kabisa kuinua mikono mpaka nizime. "Nyabo, hii ni nguo ya furaha," aliniambia kwa heshima zote. "Usinishonee na wimbo ya mazishi." Nikazima, nikampima kiuno na mabega, tukaagana vizuri. Alipofika mlangoni nikawasha tena pale pale tulipoishia, kwa sauti kubwa zaidi, ashuke nayo ngazi zote.

Ndivyo nilivyo. Muziki huu nimeusikiliza tangu nikiwa msichana na sijawahi kumwomba mtu radhi. Sipigi chombo chochote, wala noti sizisomi. Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kushona na kusikiliza.

Watunzi wangu nimewapa vyeo, kwa sababu nililelewa katika kambi ya polisi na sijui njia nyingine ya kuwapanga watu. Yule mpiga kinanda wa kanisani mwenye watoto ishirini ni Sajini Meja: kila sauti imesimama kwenye mstari wake, viatu vinang'aa, na bado unajikuta unalia. Yule kiziwi mwenye hasira ni Afande, na huingia bila kubisha hodi. Yule aliyeanza kutunga akiwa mtoto na kufa akiwa kijana ni Kurutu, anacheka katikati ya gwaride na hakuna awezaye kumwadhibu. Lakini ninayempenda kuliko wote ni yule Mcheki aliyevuka bahari kwenda kufundisha Amerika, akakaa huko akitunga simfonia huku roho yake iko nyumbani. Huyo nimemwita Aliyehamishwa. Mtoto wa polisi anajua uzito wa neno hilo. Unatoka shuleni, unakuta godoro lako liko juu ya lori.

Baba yangu alikuwa mpiga matoazi wa bendi ya kambi. Alikuwa Mkatoliki kutoka kaskazini, mama alikuwa Mnubi, Mwislamu, ndugu zake wote wako Old Kampala, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha na ndicho tulichosema nyumbani. Kwenye nyimbo za gwaride mtu wa matoazi hapumziki. Lakini kiongozi wa bendi yao aliupenda muziki huu wangu, na ndani yake mtu wa matoazi anaweza kukaa dakika nane akisubiri pigo moja tu. Kazi yake ni kuhesabu. Baba alifanya mazoezi ya kuhesabu mezani kwetu, akigonga kwa kidole mapigo manne manne, kila mzunguko akiuanza kwa namba yake: moja, mbili, tatu, nne, mbili, mbili, tatu, nne, tatu, mbili, tatu, nne. Mama akimuuliza kama chumvi imetosha, baba anainua kiganja kumnyamazisha, macho hayabanduki kwenye sahani. Mama aliwaambia majirani kwamba serikali inamlipa mumewe kwa kunyamaza. Mimi nilijua kuhesabu hadi mia kabla sijavaa sare ya shule.

Kisha kuhesabu kukakoma. Nilikuwa na miaka saba. Kulikuwa na sherehe kambini, wageni wakubwa walikuja, na baba akarudi nyumbani na uso ambao mama alitukataza kuuliza chochote juu yake. Matoazi alipewa mtu mwingine kwa miezi kadhaa. Wenzake wakaanza kumwita Bwana Kimya, naye akacheka nao, kwa kuwa baba si mtu wa kununa. Ila mezani hakuhesabu tena. Mama alipouliza habari za chumvi, alijibiwa papo hapo.

Sasa mama hayupo, na baba amepita miaka themanini, anaishi nami. Muziki wangu anauvumilia vizuri. Humsifu Sajini Meja, na Afande akimwamsha usingizini hamlaumu. Lakini nikiweka simfonia ya Aliyehamishwa, ikifika ile sehemu ya pili, ya polepole, baba hukumbuka kazi. Atamwagilia maua ya barazani, hata kama nimeyamwagilia asubuhi. Au atashuka getini kupigiwa saluti na askari, maana askari yule anamjua na humpa heshima zote. Mwaka jana mashine yangu ya santuri ilivunjika mkono, tukaipeleka Katwe kwa mafundi wa vyuma, fundi akauchonga mkono mwingine kutoka kwenye kipande cha bomba, kazi safi kabisa. Baba alishinda naye siku nzima akifurahia kelele za nyundo. Tukarudi nyumbani, nikaijaribu mashine kwa santuri ninayoipenda kuliko zote, na kabla sijaketi baba alikuwa tayari ameshika kopo la maji.

Iliniuma. Nasema wazi. Nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu, na bado nilitaka baba yangu akae kwenye kiti asikilize kitu ninachokipenda.

Msimu wa mvua uliopita ndipo nilipompata. Goti lake lilikuwa limevimba, barazani maji yalijaa, na kushuka ngazi hakukuwezekana. Ilikuwa mchana, nashona kola, na baba alikuwa ameshaniambia mara mbili kwamba natia vifungo kama kurutu. Nikainuka kwa hasira, nikaweka sehemu ya pili. Leo utasikiliza, nikasema moyoni.

Akatazama mlango. Akatazama goti. Akaegemea kiti na kufumba macho, nami nikarudi kwenye kola yangu nikijiona mshindi. Baada ya muda nikasikia tk, tk, tk, tk. Kidole chake kilikuwa kinagonga mkono wa kiti. Midomo ilikuwa inacheza bila sauti. Zaidi ya miaka hamsini ilikuwa imepita, na baba alikuwa anahesabu.

Nikaacha kushona. Muziki ukatambaa, ukatulia, ukaanza kupanda, tarumbeta zikaingia, na baba akainua mikono yote miwili, akaipiga kofi moja kubwa. Kwenye santuri tarumbeta ziliendelea na safari yao. Baba akabaki ameunganisha viganja, akisikiliza.

"Huyu naye amekosa," akasema.

Nikamuuliza amekosa nini. Akaniambia nirudishe nyuma. Nikarudisha, akahesabu upya, akapiga kofi, hakuna kitu. Akasema labda mtu huyo alikuwa mgonjwa siku ya kurekodi. Nikamtafutia kwenye simu bendi nyingine, ya nchi nyingine. Akahesabu. "Na huyu." Ya tatu ilipopita bila kitu alinitazama kama mtu anayeona polisi wote wa dunia wamelala zamu.

Ndipo aliponisimulia. Siku ya sherehe ile alikuwa amefika mzunguko wa sitini na kitu, mpiga tarumbeta wa mbele yake akapiga chafya, hesabu ikamtoka. Pigo lake lilikuwa baada ya tisini na tano. Alipozinduka, kiongozi wa bendi alikuwa amemwelekea, mikono juu, anamsubiri yeye, na wageni wote wanatazama. "Yeye akaniangalia, mimi nikamwangalia," baba alisema. "Wimbo ikapita."

Nikamwambia kwamba sehemu hiyo nimeisikiliza miaka arobaini na sijawahi kusikia matoazi ndani yake. Akasema haiwezekani. Nikatafuta kwenye simu orodha ya vyombo alivyoandika mtunzi mwenyewe, nikamsomea polepole: fidla, zumari, tarumbeta, ngoma. Kwa sehemu ile ya pili, matoazi hayakuwemo.

Baba aligeukia dirishani. Mvua ilikuwa inapiga mabati ya karakana za ng'ambo.

"Karatasi za wengine zilikuwa za chapa," akasema mwishowe. "Yangu aliandika kiongozi wetu mwenyewe, na penseli. Alisema mtu hawezi kuvaa sare akae bure mbele ya wageni."

Tukatazamana. Nikaona mabega yake yanaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe ni kicheko kinapanda kutoka mbali. Alicheka mpaka akashika goti lake kwa maumivu, mimi nikacheka mpaka kola ikaanguka sakafuni. Alisema basi siku ile, katika bendi nzima, yeye peke yake ndiye aliyepiga sawasawa. Akataka nimwambie tena orodha ya vyombo. Nikamsomea tena. Akasikitika kwamba mama hayupo kusikia hili, kwa maana mama angelitangaza hadi Old Kampala.

Kisha akajifuta macho. "Weka tena," akasema. "Sasa mimi sihesabu."

Nikarudisha sindano mwanzo. Zile tarumbeta za chini zikafungua, kisha likaingia lile zumari la sauti nzito kidogo, kama mtu mwenye mafua anayeimba akikumbuka kwao. Baba akainua kichwa.

"Huyu anayeimba alikuwa hapa siku zote?"

"Alikuwepo, baba."

"Mimi nilikuwa kwa kumi na mbili, mbili, tatu, nne," akasema.

Nikainuka kwenda kuchemsha maji, nikiwa nimejawa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi. Nikamuuliza kama chai yake nitie tangawizi. Baba aliinua kiganja, kile kile alichokuwa akimwinulia mama, na kidole chake kwenye kiti kilikuwa kimetulia.