Nilivyo-upload draft na mume wa Bi Mwanahawa akawa mwenye chemchemi

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii imenitokea mimi mwenyewe na sitaongeza chumvi, maana aibu yenyewe inatosha. Naandika nikiwa bado sielewi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wa mboga upande wa Mlali, chini ya milima ya Uluguru. Kwetu Singida. Huku nimefuata maji na udongo, huu mwaka wa sita nakodi shamba.

Nyanya na kabichi zetu zinanyweshwa na chemchemi moja iliyo juu kidogo, kwenye eneo la Bi Mwanahawa. Ni mwanachama mwenzetu, mama wa makamo, hana maneno mengi ila akisema umesikia.

Mwaka jana walikuja watu wawili na gari, wakachota yale maji kwenye vichupa, wakaondoka hata kuaga hawakuaga. Baadaye tukasikia kuna kampuni inataka kuweka kiwanda cha maji ya chupa. Ndiyo soko huria lenyewe, mwenye karatasi ndiye mwenye haki. Kikao kikaamua tuombe kibali cha kuitumia ile chemchemi kabla wao hawajaomba.

Sasa wakuu, maombi siku hizi hayapelekwi kwa bahasha. Kuna mfumo. Una-upload draft, kamati inaisoma huko huko iliko, inaandika comments, unarekebisha, una-upload tena.

Kamati yenyewe huioni. Wanaitwa Mjumbe 1, Mjumbe 2 na Mjumbe 3. Mimi nimelelewa, barua ya kwanza nikaianza na shikamoo kwa wajumbe wote. Mjumbe 2 akajibu: "Ondoa salamu." Nikaondoa, lakini roho iliniuma.

Draft ya kwanza tuliisoma kikaoni neno kwa neno. Ndivyo kikundi chetu kinavyofanya, kwa sababu wengine hawajui kusoma. Ikishasomwa na kukubaliwa, watu wanasaini ukurasa wa mwisho, na wasioandika wanaweka dole gumba. Ukurasa ule una majina tu na alama zao. Bi Mwanahawa aliweka dole lake pale, na ndani ya draft tulimwandika yeye kuwa mwenye eneo.

Nika-scan, nika-upload, nikakaa kusubiri.

Wiki mbili baadaye Mjumbe 3 akaandika: "Jina la mwenye eneo halilingani na barua ya kijiji. Rekebisha."

Nikaifungua barua ya kijiji, ile ya utambulisho tuliyoiambatanisha na maombi. Kweli, wameorodhesha kaya, na kaya ya Bi Mwanahawa mkuu wake ni mumewe, Mzee Kibwana. Mzee mpole, mtu wa Kilosa, hata mwanachama si mwanachama.

Mfumo ulinipa siku mbili, zikipita draft inafungwa na unaanza upya. Mimi niko stationery Morogoro mjini, mvua imekata njia, simu ya Bi Mwanahawa haipatikani.

Nikajisemea, mume na mke si kitu kimoja? Kwetu shamba likiandikwa jina la mume hakuna anayeshtuka. Nikafuta jina la mke, nikaweka la mume.

Na ukurasa wa saini? Nikachukua ule ule wa zamani, nikaupachika mwisho wa draft mpya. Nikabonyeza kutuma, nikaenda zangu kunywa chai na roho nyeupe kabisa.

Siku ya tisa ikaja kwa rangi ya kijani: IMEIDHINISHWA.

Wakuu, nilifurahi kama mtoto. Niliprinti, nikatoa kopi, nikapanda nazo kikaoni. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikaanza kusoma kama kawaida yetu, mpaka nikafika kwenye mwenye eneo.

"Rudia hapo," Bi Mwanahawa akasema.

Nikarudia.

"Katibu, lile eneo ni la mama yangu, na la mama yake mama yangu. Kibwana nimemkaribisha tu."

Akanyoosha mkono, nikampa karatasi, akaifunua mpaka ukurasa wa mwisho.

"Hili dole langu. Nililiweka lini kwenye maneno haya?"

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Haya, wale wenye gari wakirudi, watabisha hodi kwa nani?"

Hapo ndipo nilipopata akili. Huku kwa Waluguru ardhi inafuata ukoo wa mama. Mume analima, anakula, anaheshimiwa, lakini ardhi si yake. Miaka sita naishi nao, hilo nalijua kama hadithi za vijiweni. Sikuwahi kufikiri kwamba linaingia mpaka kwenye fomu.

Kesho yake nikashuka mjini, kwenye ofisi inayotoa hivyo vibali. Nikamkuta dada mmoja mstaarabu sana, nikamweleza kila kitu, hata la dole sikuficha.

"Kaka, hapa hatuna kamati. Kamati iko kwenye mfumo."

"Sasa jina nalibadilishaje?"

"Una-upload barua ya ridhaa kutoka kwa mwenye eneo."

"Mwenye eneo yupi, dada yangu?"

"Aliyepo kwenye mfumo."

Mnanielewa wakuu? Ili Bi Mwanahawa arudishiwe chake, Mzee Kibwana asaini kwanza kwamba si chake. Nilimwomba anionyeshe kwenye skrini. Nikasoma mara tatu na ilikuwa hivyo hivyo.

Nikaiandikia na kamati, nikakiri kwamba ukurasa wa saini ulikuwa wa draft ya kwanza. Jibu: "Maoni yamepokelewa." Ile kijani iko pale pale. Sijui nimesamehewa, nimeshtakiwa, au hakuna mtu aliyesoma.

Nikaandaa barua ya ridhaa, mistari minne tu, nikampelekea Mzee Kibwana. Nikampa shikamoo, akanipokea vizuri, nikamsomea yote mpaka mwisho.

"Nitaweka dole, mwanangu. Niachie kwanza niisome."

Nikamwachia, pamoja na kopi ya kibali aone jina lake lilipoandikwa. Wiki ya pili nilipopita, ile kopi ya kibali ameshaipiga lamination, ameitundika ukutani sebuleni. Barua yangu bado anaisoma. Leo ni wiki ya nne.

Nilichojifunza: dole la mtu limekubali maneno aliyosomewa siku ile, si maneno uliyoyabadilisha wewe stationery. Mvua ikikata njia, bora draft ifungwe. Nilikuwa na haraka ya kumridhisha Mjumbe 3 ambaye hata sura simjui, nikamdhulumu mtu ninayekunywa maji yake.

Mwenye uzoefu na mifumo hii anisaidie: kuna njia yoyote ya kubadilisha jina bila saini ya huyo aliyeandikwa? Na mliooa au kuolewa Uluguru, hili nalipeleka kwa wajomba zake Bi Mwanahawa, au nitazidi kuharibu? Hata mkinitukana nitasoma.

Bi Mwanahawa hajanigombeza tangu siku ile. Tukikutana shambani ananiuliza swali moja tu, kama mumewe amemaliza kusoma. Mzee Kibwana hajui kusoma, wakuu, na mke wake analijua hilo kuliko mimi.